DOGO, PSP YA MAMA NA FUNDI ALIYETAKA KUFOMATI KILA KITU

Kuna vitu vikiharibika ndani ya nyumba, hasara yake inajulikana hapo hapo. Friji ikifa, kila mtu anajua bei ya friji. Simu ikidondoka, mwenye simu anaanza kupiga hesabu ya kioo kabla hata hajainama kuiokota. Halafu kuna vitu ambavyo ukitaja bei yake watu watakucheka, lakini vikizima, nyumba nzima inapooza.

Kisa cha leo ni cha PSP. Ndiyo, PSP hiyo hiyo unayoijua, kile kigemu cha mkononi cha Sony. Ilianza kuuzwa Japani Desemba 2004, zikauzwa zaidi ya milioni 70 duniani, na kufikia 2014 Sony wakawa wanaacha kuipeleka madukani. Kwa watoto wa mjini waliosoma sekondari miaka ile, mwenye PSP darasani alikuwa na nguvu kuliko monita. Leo gemu zote zipo kwenye simu, kwa hiyo ukimwambia mtu "PSP yangu imezima" anakujibu kirahisi tu: itupe, nunua simu.

Hii haikuwa ya kutupa.

Mwenye nayo ni dogo wa miaka tisa, darasa la tatu, mkazi wa Buguruni, Dar es Salaam. Anaishi na bibi yake na mjomba wake. Mjomba ana miaka 23, anauza mashati ya mtumba pale Karume. Mama wa dogo yuko Muscat, Oman, anafanya kazi za ndani, na huu ni mwaka wa pili hajarudi. PSP aliituma kwa mkono wa mwenzake aliyekuwa anakuja likizo. Ndani kulikuwa na diski moja ya mpira. Lakini kilichomfanya dogo alale nayo mtoni sio mpira.

Kwenye memori kulikuwa na picha 31 za mama. Mama yuko Corniche ya Mutrah, bahari nyuma yake. Mama jikoni kwa bosi, amejifunga kilemba. Mama ameshika ndoo anacheka. Na kulikuwa na faili moja la sauti, dakika nne, mama anaongea na mwanawe: ale vizuri, amsikilize bibi, asicheze kwenye mtaro, na mwisho anamwombea dua. Faili hilo dogo alikuwa anasikiliza karibu kila usiku, sauti chini, PSP iko sikioni kama simu.

Siku moja ikazima.

MTOTO ALIYEANZA KUKWEPA SIMU

Alitoka shule, akavua viatu, akasukuma swichi ya kuwashia. Kimya. Taa haikuwaka. Akachomeka chaja. Kimya. Akaitoa, akaichomeka tena, akaipuliza, akaipiga kofi kidogo kama rimoti. Wapi.

Angesema siku ile ile, pengine kisa kingeishia hapo. Lakini mtoto ana hesabu zake. Yeye alijua kitu kimoja tu: mama kahangaika kunitumia, mimi nimeua. Akaifunga kwenye fulana, akaisukuma chini ya godoro, akanyamaza.

Sasa mama huwa anapiga saa nne usiku kwa saa za Muscat, ambayo kwa Dar ni saa tatu. Zamani dogo alikuwa anagombea simu na bibi. Ghafla ikawa saa mbili na nusu kashalala. Kesho yake tumbo linamuuma. Keshokutwa yuko chooni na hatoki mpaka simu ikatwe. Wiki nzima mama anauliza, "Mwanangu yuko wapi?" na bibi hana jibu la maana.

Bibi ndiye aliyechoka. Siku moja alimkalisha kwenye mkeka. "Haya mume wangu, niambie leo. Mama yako kakukosea nini hata sauti yake huitaki?"

Dogo akaangua kilio. Akaenda kuitoa kule chini ya godoro, akaiweka mapajani kwa bibi. "Nimeiua ya mama."

Mjomba alikuwa mlangoni anakula. Akanawa mkono, akaichukua, akasema ile kauli ambayo kila mjomba ameshaisema: "Usijali, kesho naipeleka kwa fundi."

FUNDI WA KWANZA, FUNDI WA PILI

Fundi wa kwanza alikuwa wa mtaani. Aliishika, akaigeuza, akauliza swali moja. "Imetoka wapi hii?"

"Oman."

"Ndiyo maana. Umeme wa Arabuni sio kama wa kwetu, bro. Hapa bodi imeungua. Elfu sitini, uniachie elfu ishirini nianzie kazi."

Hakuifungua. Hakuichomeka popote. Kaishika kwa dakika moja, kasoma hatima yake kama mganga.

Elfu sitini ilikuwepo. Wiki ile dada mtu alikuwa ametuma elfu sabini kwa ajili ya viatu vya shule, begi, na dawa za presha za bibi. Mjomba akasimama pale akipiga hesabu: viatu vinaweza kusubiri, begi linaweza kushonwa, dawa... dawa haziwezi kusubiri. Akaomba udhuru, akaondoka.

Kesho yake akapanda daladala mpaka Kariakoo. Fundi wa pili alikuwa na meza nzuri, taa, lensi ya kichwani, foleni ya wateja. Akacheka aliposikia habari ya bodi. "Hakuna cha bodi hapo. Programu imekufa. Tunaiflashi, tunafomati na memori, inarudi mpya kabisa. Elfu thelathini na tano, bei ya mshkaji."

Huku anaongea, ukucha wake ulikuwa umeshaichomoa memori.

"Na picha zilizomo?" mjomba akauliza.

"Picha gani tena bosi? Tukifomati zimeenda. Utapiga nyingine."

Utapiga nyingine. Mtu yuko Muscat, likizo yenyewe haijulikani, na sauti ile ilirekodiwa siku ambayo mtu alikuwa na ujumbe huo moyoni. Mjomba sio mtu wa maneno mengi. Alinyoosha mkono tu. "Fundi, naomba memori yangu kwanza."

Fundi akaona mteja anazingua, akamrudishia, akaita mtu mwingine.

Hapo weka nukta kidogo. Kifaa ambacho hakiwashi hata taa, hakuna mtu anayeweza kukwambia programu yake imekufa kabla hajahakikisha kama umeme unakifikia. Ni sawa na kumwambia mtu ana njaa ya elimu wakati hujui kama amekula chakula. Kwanza umeme, halafu setingi, mwisho kabisa ndiyo bodi. Mafundi wote wawili waliruka hatua ya kwanza, na wote walikuwa na bei tayari.

BINTI WA STESHENARI

Karibu na nyumbani kwao kuna steshenari. Anayekaa pale ni binti aliyemaliza form four, anatoa kopi, anachapa barua, anasaidia watu kujaza fomu za mtandaoni. Mjomba aliingia kununua vocha, kigemu kiko mkononi, uso umeshuka. Binti akauliza kuna nini, akahadithiwa kuanzia Oman mpaka Kariakoo.

"Kaka, soketi mnayochomekea inafanya kazi?"

"Nadhani."

"Chaja imeandikwaje?"

"Sijasoma."

"Betri umeshawahi kuitoa?"

"Kumbe inatoka?"

Binti akafunga duka saa moja jioni, akaja. Bibi akamkaribisha chai. Dogo akakaa kwenye kona, magoti yamefika kidevuni, anaangalia kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Kwanza soketi. Wakachomeka chaja ya simu kwenye tundu lile lile la ekstensheni. Simu ikachaji. Soketi nzima.

Pili chaja. Binti akaigeuza, akamulika kwa tochi ya simu. Mgongoni, kwa maandishi madogo kama punje za mchanga: INPUT 100-240V. Maana yake inakubali umeme wowote kuanzia volti 100 mpaka 240. Tanzania tunatumia 230, Oman 240. Hata plagi ni ile ile ya pini tatu bapa. Kwa hiyo ile habari ya "umeme wa Arabuni" ikazikwa pale pale sebuleni, na elfu sitini yake.

Chini yake kuna OUTPUT 5V. Hii ndiyo namba ya kuheshimu. Majumbani kuna chaja za redio, za king'amuzi, za modemu, na nyingine pini yake inaweza kuingia bila tabu. Pini kuingia haimaanishi umeme unafaa. Ukiipa ya volti 9 au 12, hapo sasa ndiyo utakuwa umeiunguza bodi kweli.

Tatu betri. Binti akageuza kigemu, akasukuma kifuniko cha nyuma. Hakikuhitaji kusukumwa sana. Kilikuwa kimeshanyanyuka upande mmoja na hakuna mtu aliyeona. Ndani, betri imevimba kama andazi.

"Mungu wangu," mjomba akasema, akataka kuibonyeza irudi.

"Usiiguse hivyo!"

Betri za lithiamu zikizeeka zinatengeneza gesi ndani, ndiyo maana zinavimba. Iwe ya PSP, ya simu au ya laptopu, ni yale yale. Ikishavimba haichajiwi tena, haibonyezwi, haitobolewi, na haiendi kwenye takataka ambazo jioni watu wanachoma. Ikitobolewa inaweza kushika moto. Binti aliitoa taratibu kwa vidole viwili, wakaiweka kwenye sufuria kuukuu lenye mchanga mkavu, nje, mbali na nguo na watoto.

"Sasa haina betri," dogo akasema kwa sauti ya chini. Lilikuwa neno lake la kwanza jioni ile. "Si ndiyo imekufa kabisa?"

"Subiri," binti akamwambia.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba PSP inaweza kuwaka kwa chaja peke yake, bila betri. Na hicho ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote. Ukitoa betri, ukachomeka chaja, ikawaka, basi mgonjwa ni betri. Isipowaka, unarudi kwenye chaja na tundu lake. Kipimo hiki ni bure, kinachukua nusu dakika, na hakuna fundi aliyekifanya.

Wakachomeka. Binti akasukuma swichi juu, akaishikilia kidogo.

Taa ya kijani.

Bibi akapiga kigelegele kama amepata mkwe.

SKRINI YA BLUU

Furaha haikumaliza dakika. Skrini ikaja ya bluu, imejaa maandishi ya lugha kibao. Kwenye Kiingereza ilikuwa inasema taarifa za setingi zimeharibika, bonyeza duara ili zirudi za mwanzo.

Mjomba akanyoosha kidole kubonyeza. Dogo akaruka kutoka kwenye kona yake, akaushika mkono wa mjomba kwa nguvu zake zote.

"Usibonyeze! Itafuta sauti ya mama!"

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, wakubwa kwa wadogo. Setingi na mafaili ni vitu viwili tofauti. Setingi, yaani lugha, saa, tarehe, jina, mwanga, zinakaa ndani ya mashine yenyewe. PSP ikikaa muda bila umeme kabisa, inaweza kuzichanganya, ndiyo inaleta ile skrini ya bluu. Picha, sauti na gemu ulizosevu zinakaa kwenye memori. Kurudisha setingi za mwanzo hakugusi memori.

Kinachogusa memori ni kufomati. Na ubaya ni kwamba kwenye menyu ya setingi, palipoandikwa Restore Default Settings na palipoandikwa Format Memory Stick ni majirani. La kwanza linafuta mpangilio. La pili linafuta mama.

Binti angeweza kumwelezea dogo haya yote na dogo asimwamini. Mtoto ameshaona mjomba anatumwa mara mbili na kurudi mikono mitupu, amwamini nani? Kwa hiyo alifanya kitu cha akili zaidi. Alizima, akafungua kimlango cha kushoto, akatoa memori, akaiweka kwenye kiganja cha dogo.

"Shika wewe. Sasa hata tukibonyeza nini, mama yako yuko mkononi kwako."

Dogo akafumba ngumi.

Wakawasha tena, wakabonyeza duara. Ikaanza kuuliza maswali. Lugha? Kiswahili hakipo humo, wakachagua Kiingereza. Ukanda wa saa? Mjomba akaanza kutafuta GMT+3, saa ya Dar.

"Weka ya mama," dogo akasema.

"Ya mama ni plasi nne. Itakuwa mbele saa moja."

"Ndiyo hiyo hiyo. Nataka nijue kwake saa ngapi."

Bibi akajifanya anatafuta kitu kwenye khanga. Wakaweka GMT+4.

Ikaja menyu. Wakazima, wakarudisha memori, wakawasha. Picha: 31. Dogo alizihesabu mwenyewe, moja moja, kwa kidole. Mutrah ipo. Jikoni ipo. Ndoo ipo. Halafu akaingia kwenye muziki, akachagua lile faili, akaweka PSP sikioni.

Uso ukabadilika. "Haisemi."

Muda unaonekana unakwenda, sekunde zinahesabika, sauti hakuna. Mjomba akakaa chini. Binti akaichukua, akaangalia pembeni mwa skrini, akaona alama ya spika iliyokatwa. Kumbe chini ya kioo kuna kitufe chenye alama ya noti ya muziki, ukikishikilia zaidi ya sekunde moja kinakata sauti yote. Dogo kwa pupa yake ya kushika alikuwa amekikandamiza na kidole gumba. Binti akakibonyeza mara moja.

"...na usicheze kwenye mtaro, umesikia baba?"

Hakuna aliyesema kitu mpaka dakika nne zikaisha.

KUMBE MAMA NAYE

Saa tatu usiku simu ikaita. Dogo akaipokea mwenyewe, kabla ya bibi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba'angu! Tumbo limepona?"

"Mama, halikuwa tumbo." Akavuta pumzi. "PSP ilizima. Nilidhani nimeiua. Ilikuwa betri imevimba."

Upande wa pili kimya. Mpaka mjomba akadhani bando limekata. Halafu mama akaanza kucheka, kile kicheko ambacho ukikisikiliza vizuri kina kilio ndani yake.

"Mwanangu, hiyo ilikuwa inazimazima tangu huku. Mtoto wa bosi alinipa kwa sababu alishaichoka, akanisaidia na kuweka ile sauti. Nilijua betri imechoka. Niliona aibu kukwambia nimekutumia kitu kibovu."

Kumbe wiki nzima watu wawili wamekimbiana kwenye simu, mmoja Buguruni, mmoja Muscat. Mtoto anaficha ameua zawadi. Mama anaficha zawadi ilikuwa mgonjwa. Mwenye kosa hayupo. Betri yoyote ya lithiamu ina umri wake, na hiyo ulikuwa umeisha kabla haijapanda ndege.

Walivyomaliza kuongea, bibi alichukua simu, akamwambia binti yake neno moja tu: "Wewe tuma hata jiwe. Mtoto atalilalia."

BETRI MPYA BILA KUPIGWA

Jumamosi mjomba akarudi Kariakoo, safari hii na akili. Alianza vibaya kidogo: muuzaji wa kwanza alimpa betri nene, kifuniko kikakataa kufunga. Sababu ni kwamba PSP hazifanani. Ile ya mwanzo kabisa, mfululizo wa 1000, ni nene na betri yake ya asili ni mAh 1800. Zilizofuata, 2000 na 3000, ni nyembamba na betri yake ni mAh 1200. Namba ya modeli ipo kwenye lebo ya mashine yenyewe, isome kabla hujatoka nyumbani. Ya dogo ilikuwa 3000.

Muuzaji wa pili akamtolea betri nyembamba imeandikwa mAh 3600, anasifia kinoma. Fikiria: umbo lile lile, ukubwa ule ule, halafu ibebe mara tatu ya iliyotengenezwa na wenyewe? Hiyo ni namba ya kupendezesha karatasi tu. Mjomba akachukua ya kawaida, elfu ishirini na tano, akaomba iwekwe na kuwashwa mbele yake kabla hajatoa pesa. Viatu vya shule vikanunuliwa. Dawa zikanunuliwa. Begi likashonwa.

Kisha wakaenda steshenari. Binti akaunganisha PSP na kompyuta kwa waya wa USB, akanakili picha zote na ile sauti. Kopi moja kwenye flashi, moja kwenye simu ya mjomba, moja kwenye simu ya bibi. Alitoza mia tano, kwa sababu kazi ni kazi.

KAMA NA WEWE UNAYO INAYOZINGUA

Fuata mpangilio huu kabla hujampa mtu hata mia:

1. Toa memori kwanza, iweke pembeni. Kama ina kitu cha maana, tafuta kopi yake mapema, usisubiri ugonjwa.

2. Jaribu soketi kwa kifaa kingine. Soma chaja: kwa PSP, OUTPUT iwe 5V.

3. Angalia taa. Rangi ya chungwa ni inachaji, na ikijaa taa hiyo inazimika yenyewe, sio kwamba imekufa. Kijani ni imewaka. Kijani kinachopepesa ni betri inakaribia kuisha.

4. Fungua kifuniko. Betri imevimba? Itoe, usiirudishe. Haijavimba lakini haiwashi? Itoe pia, jaribu kwa chaja peke yake.

5. Imewaka lakini vitufe havifanyi kazi? Angalia swichi ya kuwashia. Ikisukumwa chini inakaa HOLD, inafunga vitufe vyote. Isukume irudi katikati.

6. Sauti ipo, kioo cheusi? Kitufe cha mwanga kilicho chini ya kioo kikishikiliwa kinazima taa ya skrini. Kibonyeze tena.

7. Unachaji kwa waya wa USB na haijai? Ile nene ya 1000 haichaji kwa USB. Za 2000 na 3000 zinachaji, lakini mpaka mashine iwe imewaka na USB Charge imewashwa kwenye setingi. Kwa hiyo iliyozima kabisa inahitaji chaja ya ukutani.

8. Ukigusa swichi kidogo tu inalala, haizimi, na ikilala inaendelea kula betri polepole. Kuizima kweli, shikilia swichi juu sekunde chache. Kama hutaitumia muda mrefu, usiiache na betri tupu.

9. Setingi zimevurugika? Rudisha za mwanzo. Usifomati. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Ukimaliza yote hayo na bado kimya, hapo nenda kwa fundi, na wapo mafundi wazuri sana mjini hapa. Utamjua: atakuuliza maswali, atashika mita apime, na atakuuliza ndani kuna nini cha kutunza kabla hajagusa memori. Yule anayekutajia bei kabla hajaichomeka popote, chukua kitu chako, sema asante, ondoka.

Na kama una mtoto nyumbani ambaye ghafla hataki kuongea na mzazi wake aliye mbali, usikimbilie kusema amebadilika au amelishwa maneno. Angalia chini ya godoro kwanza. Inawezekana kuna kitu kimezima, na yeye anadhani kimekufa.

Haya, tupia komenti yako hapo chini: ungekuwa wewe ndiye mjomba, umesimama Kariakoo, fundi kashashika memori, na huna kopi popote, ungemruhusu afomati? Na wewe mama au baba uliye nje ya nchi, kuna kitu uliwahi kutuma nyumbani ukaona aibu kusema ukweli wake? Funguka.